Padri Taylor na Mwalimu Wake wa Mvita

Mpenzi wa mashairi hapa Mombasa hawezi kumfuata Muyaka bin Haji mbali sana kabla ya kukutana njiani na Mwingereza mmoja. Jina lake ni William Ernest Taylor, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufa mwaka 1927. Alikuwa padri wa chama cha wamisionari cha CMS, na kazi aliyotumwa kuifanya ni kuwatoa wazee wetu katika Uislamu. Nalitaja hilo mapema, msomaji asije akadhani nimelisahau.

Alifika pwani hii mwaka 1880. Misheni ilikuwa na kijiji chake ng'ambo ya kisiwa, Freretown, kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru; kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Kuja Kisiwani ilikuwa lazima upande chombo, kwani daraja la Nyali halikuwako mpaka mwaka 1931. Mmisionari aliyetaka Kiswahili cha kuhubiria tu aliweza kukipata huko huko ng'ambo. Taylor alitaka zaidi. Alikitaka Kiswahili cha watu wa Mji wa Kale, pamoja na mafumbo yake, methali zake na mashairi yake, na kwa hicho ilimbidi atafute mwalimu.

Mwalimu huyo alikuwa Sikujua bin Abdallah al-Batawi, Mungu amrehemu, mwanachuoni na mshairi wa Mvita. Mtu aliyebobea katika lugha yake hata akawa hazina ya mji, naye akaitwa Sikujua! Wazee wetu walikuwa na mzaha wao katika kupana majina.

Hapa yafaa nieleze kwa nini vitabu peke yake visingemtosha padri. Sisi tuliosomeshwa chuoni twajua kwamba irabu za Kiarabu ni tatu, na za Kiswahili ni tano. Kasra hubeba i na e pamoja, na dhuma hubeba u na o. Mtu akiandika kwa hati ile, pita na peta ni mamoja, tua na toa ni mamoja, na katika maandishi ya zamani hata pe aghalabu iliandikwa kwa be. Msomaji mwenye lugha yake huona maana mara moja. Mgeni hupotea katika mstari wa kwanza. Hati ilihifadhi shairi, lakini sauti yake ilikuwa kinywani mwa mzee, na pasipo mzee karatasi ilikuwa nusu bubu.

Na mashairi ya Muyaka mengi hayakuwa hata na hiyo karatasi. Muyaka alikuwa mshairi wa Mvita ya Wamazrui, zama za kupigana na Sayyid Said, mpaka utawala wao ulipoanguka mwaka 1837. Alijibizana kwa mashairi na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, alitunga juu ya mapenzi, njaa, majumba na mambo ya siri ya mji. Alifariki yapata mwaka 1840. Tenzi za dini zilikuwa na waandishi wake, watu walizinakili kwa kutaraji thawabu. Lakini shairi la barazani, la kumkejeli jirani au kumsifu mpenzi, nani alitaraji thawabu kwa kulinakili? Liliachwa kwenye ndimi. Miaka arubaini baada ya kufa Muyaka, ndimi hizo zilikuwa za wazee, na wazee hawangoji.

Ndipo kazi ya wawili hawa ilipokuwa na maana. Mwalimu Sikujua aliyakusanya mashairi yale, akayaandika kwa hati ya Kiarabu, akayafasiri: neno hili ni la kikale, shairi hili alipelekewa fulani, kisa chake ni hiki na hiki. Padri alisikiliza, akauliza, akaandika pembeni. Bila ya maelezo yale tungekuwa leo na mafumbo matupu, kwani Muyaka hakutunga kwa ajili ya wajukuu. Alitunga kwa ajili ya watu waliokijua kisa tangu jana yake.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata, London, Taylor alitoa kitabu cha methali za Waswahili pamoja na maana zake, na mwaka huo huo akatoa kingine cha maneno ya Kigiriama. Mwaka 1915, katika kitabu cha Stigand juu ya lahaja, ilichapishwa tafsiri yake ya Inkishafi kwa Kiingereza. Padri kuhangaika na utenzi wa Kiislamu wa kumkumbusha mtu mauti na magofu ya Pate, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wenzake. Askofu Steere wa Unguja alikuwa ameijenga sarufi yake juu ya Kiunguja, na wengi walimfuata. Taylor alishika kwamba lugha ya fasihi ni Kimvita. Alikuwa na sikio, bwana yule. Alisikia kwamba kaa la moto na kaa wa pwani si sauti moja, wala paa la nyumba na paa wa mwituni. Alisikia pia t ya menoni na t ya ufizini. Akabuni alama za kuzitenga katika herufi za Kizungu.

Alikufa mwaka 1927. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa kuchagua Kiswahili cha shuleni, ukafanyika papa hapa Mombasa, na kilichochaguliwa ni Kiunguja.

Karatasi zake zilimfikia William Hichens, naye akaitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, ikachapwa Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, mwana wa Mombasa, alitoa Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka. Maandishi yenyewe yamehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS.

Je, tumshukuru Taylor? Mimi namshukuru. Lile alilolijia hasa hakulipata, Mji wa Kale ulibaki na misikiti yake. Alichookota njiani ndicho kilichotufaa. Ila sikubali shukrani hiyo iishie kwake. Nimewasikia vijana wasomi wakisema kwamba Muyaka aliokolewa na Mzungu. Mzungu aliokoa karatasi. Aliyekuwa na mashairi ni Sikujua, na jina lake halimo katika anwani ya kitabu hata kimoja.

Nao watoto wetu wakifungua kamusi leo, kaa wa pwani na kaa la moto huandikwa sawasawa. Akitaka kuzisikia zikitengana, mtoto hana budi kwenda Kibokoni akamsikilize bibi yake.