Frank Hornby: karani aliyekopa pauni 5, akawapa watoto motokari za kuunganisha

Leo watu wengi duniani wanaketi mezani jioni na gundi, brashi na rangi, wakiunganisha vipande vya plastiki hadi vinakuwa Bentley ya mwaka 1930 au Jaguar E-Type inayoenea katika kiganja. Sehemu kubwa ya burudani hiyo ina mizizi katika kazi ya mtu mmoja ambaye hakuwahi kugusa plastiki hizo. Mtu huyo ni Frank Hornby, karani wa mji wa Liverpool, nchini Uingereza, aliyefariki mwaka 1936.

Hornby alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tano mwaka 1863, mjini Liverpool. Baba yake, John Oswald Hornby, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula, na mama yake, Martha, alifundisha muziki. Mtoto huyo hakung'ara darasani. Akiwa na umri wa miaka 16 aliacha masomo, akaanza kushika pesa na daftari katika biashara ya baba yake. Hakusomea ufundi wala uinjinia mahali popote.

Hata hivyo, kichwa chake kilikuwa kwenye mashini. Alisoma kitabu Self-Help cha Samuel Smiles, kinachoeleza maisha ya wavumbuzi walioanza bila kitu, naye akatamani kuwa kama wao. Alijaribu hata kutengeneza mashini inayozunguka yenyewe bila kupewa nguvu, jambo ambalo sayansi inaonyesha haliwezekani. Alishindwa kama wengi waliomtangulia, lakini mikono yake ilizoea vyuma.

Mwaka 1887 alimuoa Clara Godefroy, mwalimu wa shule, binti wa mfanyakazi wa forodha. Walipata watoto wa kiume wawili, Roland na Douglas. Mwaka 1899 baba yake Hornby alifariki na biashara ya familia ikafungwa. Akiwa na mke na watoto wa kulisha, Hornby alitafuta kazi, akawa mtunza hesabu kwa David Elliott, aliyekuwa akiingiza nyama kutoka nchi za nje. Kufikia hapo alikuwa na miaka 36, na hakuna aliyekuwa akimfahamu nje ya mtaa wake.

Vibati vyenye matundu

Kila jioni, baada ya kazi, aliwatengenezea watoto wake michezo kwa mabati aliyokata mwenyewe: madaraja, magari ya mizigo, mashini za kuinulia mizigo bandarini. Shida ilikuwa moja. Kila mchezo ulihitaji vipande vyake pekee. Daraja likiisha kuwachosha watoto, vipande vyake havikufaa kwa kitu kingine, na baba alilazimika kukata upya.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia akiwa safarini ndani ya treni, usiku wa kuamkia Noeli, akifikiria mashini ya kuinulia mizigo. Aliona kwamba kama vipande vyote vina upana mmoja, na matundu yenye ukubwa mmoja yaliyopangwa kwa umbali ulio sawa, basi kipande chochote kinaweza kufungwa kwenye kingine kwa bolti na nati. Alichagua upana wa nusu inchi, na nusu inchi kutoka tundu moja hadi jingine. Matundu hayohayo yaliweza kupitisha vyuma vya kushikilia magurudumu. Kwa hiyo vipande vilevile vingekuwa daraja leo na motokari kesho.

Wazo lilikuwa kubwa, lakini mfuko ulikuwa mtupu. Ili kupata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, alihitaji pesa ambazo hakuwa nazo. Alimkopa bosi wake, Elliott, pauni 5, na mwezi wa kwanza mwaka 1901 akapeleka maombi yake. Elliott hakuishia hapo. Alimpa nafasi iliyokuwa wazi jirani na biro yake, kisha akawa mshirika wake. Hivyo kampuni ambayo baadaye ingesambaa duniani ilianzia pembeni mwa biashara ya nyama.

Mwaka 1902 masanduku ya kwanza yalitoka kwa jina la Mechanics Made Easy. Kila sanduku lilikuwa na aina 16 za vipande na karatasi iliyoonyesha michezo 12 ya kujenga. Wauzaji wengi hawakuyapenda. Vyuma vilikuwa na kingo mbaya, na bei ilikuwa juu kwa kitu kilichoonekana kama mabaki ya karakana. Hornby alimuonyesha kazi yake Hele-Shaw, mwalimu mkuu wa uinjinia katika chuo kikuu cha Liverpool, ambaye aliisifu kwa maandishi. Sifa hiyo ilisaidia kufungua milango ya maduka. Mwaka 1903 yaliuzwa masanduku 1.500 hivi, lakini bila faida. Faida ya kwanza ilionekana mwaka 1906.

Mwaka uliofuata ukawa wa kuamua. Wale waliomtengenezea vipande hawakuweza tena kufikia mahitaji. Hornby alipaswa kuchagua kati ya mshahara wa kila mwezi na wazo lake. Aliacha kazi, akapata nyumba ya kufanyia kazi katika barabara ya Duke Street, akaanza kutengeneza vipande mwenyewe. Mwezi wa tisa mwaka huo wa 1907 aliandikisha jina jipya: Meccano. Kampuni Meccano Ltd ilipoundwa mwaka 1908, Elliott aliamua kutoendelea naye. Mtu aliyetoa pauni 5 za kwanza alibaki na nyama zake, na Hornby akabaki mwenye mali pekee.

Kutoka Duke Street hadi Bobigny

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1912 Meccano ilikuwa na ofisi Paris na Berlin. Mwaka 1914 kiwanda kikubwa kilifunguliwa Binns Road, Liverpool, nacho kikawa makao makuu kwa zaidi ya miaka 60. Nchini Ufaransa kiwanda kilijengwa Bobigny, karibu na Paris. Mwaka 1916 Hornby alianzisha gazeti, Meccano Magazine, lililoeleza madaraja, meli, reli na ndege kwa lugha ya watoto. Kwa watoto wengi, gazeti hilo lilikuwa dirisha la kwanza la kuona namna dunia ya mashini inavyofanya kazi.

Mwaka 1920 alileta treni ndogo zenye jina lake, zinazotembea kwa kuzungusha ufunguo. Vilevile zilikuwa na vipande vya kufungua na kufunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaleta masanduku ya kujenga motokari pekee: mtoto alipewa viti, magurudumu, usukani, mabati ya mwili wa gari na mota ya ufunguo, kisha yeye mwenyewe aliamua kama gari litakuwa la mbio au la matembezi. Hayo ndiyo mababu wa masanduku ya leo ya plastiki.

Lakini masanduku hayo yalikuwa ghali. Mtoto wa mfanyakazi wa bandari aliyatazama tu kwenye kioo cha duka. Jibu lilikuja karibu kwa bahati. Mwishoni mwa mwaka 1933 kampuni ilitoa magari sita madogo ya chuma ya kupamba njia za treni zake: magari mawili madogo ya abiria, lori, gari la kupelekea bidhaa, trekta na kifaru cha jeshi. Mwaka 1934 yalipewa jina la Dinky Toys. Yaliuzwa moja moja kwa peni chache, na yakapendwa kupita hata treni zilizoyazaa.

Mpaka leo wakusanyaji wa magari madogo wanatumia sana kipimo cha 1 kwa 43, maana yake gari la mita 4,3 linakuwa na sentimita 10. Kipimo hicho kinatokana na treni za wakati wa Hornby.

Kazi yake ilivuka pia mpaka wa michezo. Mwaka 1934, katika chuo kikuu cha Manchester, Douglas Hartree na Arthur Porter walitumia vipande vya Meccano kuunda mashini ya kutatua hesabu ngumu. Harold Kroto, Mwingereza aliyepata tuzo la Nobel la kemia mwaka 1996, alieleza mara nyingi kwamba kuchezea Meccano utotoni kulimfundisha mengi.

Utajiri, siasa na kifo

Yule aliyekopa pauni 5 alikufa akiwa milionea, akiishi katika nyumba kubwa Maghull, nje ya Liverpool. Mwaka 1931 alichaguliwa mbunge wa Everton kwa tiketi ya chama cha Conservative, lakini hakugombea tena mwaka 1935. Afya yake ilikuwa imedhoofika kwa ugonjwa wa moyo na kisukari. Alifariki tarehe 21 mwezi wa tisa mwaka 1936, akiwa na miaka 73, akazikwa Maghull. Mwanawe Roland, mmoja wa wale wawili waliochezea vibati vya kwanza, akachukua uongozi.

Maisha yake yalikuwa na upande mwingine pia. Picha kwenye masanduku na maneno ya gazeti lake vililenga wavulana, kana kwamba wasichana hawana mikono ya kujenga. Hata hivyo, ndani ya kiwanda cha Binns Road, wanawake wengi ndio waliopaka rangi na kuunganisha magari hayo. Kuna na tatizo la chuma chenyewe. Dinky nyingi za kabla ya vita zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki. Ule ulioingiwa na risasi kidogo hupasuka na kuvunjika wenyewe baada ya miaka. Ndiyo sababu gari la wakati wa Hornby lililobaki zima lina thamani kubwa.

Urithi ulioponea kwa wapinzani

Kampuni nayo ilipatwa na nyufa. Baada ya vita, plastiki ilianza kushika nafasi ya chuma, na magari mapya yaliyouzwa na washindani yaliivutia Uingereza kuliko vyuma vya Binns Road. Mwaka 1964 Meccano ilinunuliwa na kundi la Lines Brothers, nalo likaanguka mwaka 1971. Mnunuzi aliyefuata alikuwa Airfix, kampuni iliyojijengea jina kwa masanduku ya plastiki ya ndege, meli na magari ya zamani.

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka 1979, wafanyakazi wa Binns Road walitangaziwa kwa ghafla kwamba kiwanda kinafungwa. Mamia walibaki bila kazi. Baadhi yao walikataa kutoka na kukalia kiwanda kwa miezi kadhaa, lakini hakikufunguliwa tena. Airfix yenyewe ilifilisika mwaka 1981.

Treni zenye jina la Hornby zilikuwa zimekwisha kutenganishwa na Meccano, na hizo ziliendelea. Mwaka 2006 kampuni ya treni hizo ndiyo iliyonunua Airfix. Hivyo anayefungua leo sanduku la Airfix ili aunganishe motokari ya plastiki ananunua kwa kampuni yenye jina la yule karani wa Liverpool. Chuma kimeondoka na Binns Road imefungwa, lakini wazo la mwaka 1901 linaendelea: kumpa mtu vipande na karatasi ya maelezo, kisha kumwachia kazi ya kujenga.