Guido wa Arezzo, Mtawa Aliyezichorea Sauti Mistari

Wengi wetu tumezisikia kwaya za makanisa zikijifunza wimbo mpya kwa do, re, mi, fa. Wamjuao mwenye kuzianzisha silabi hizo ni wachache. Alikuwa mtawa wa Italia, jina lake Guido, aliyezaliwa karibu na mwaka 991, na ujuzi wake huo ulimwondoa nyumbani.

Nyumba hiyo ilikuwa monasteri ya Pomposa, karibu na Bahari ya Adria, ambako Guido aliwafundisha waimbaji nyimbo za ibada za Kilatini. Nyimbo hizo hazina ngoma wala zumari. Ni sauti tupu za watu waimbao kwa pamoja. Zilikuwa nyingi mno, za kila siku na kila sikukuu, nazo zilihifadhiwa kwa moyo. Mwimbaji aliweza kumaliza miaka 10 na bado akamtegemea mwalimu. Vitabu vilikuwako, lakini alama zilizoandikwa juu ya maneno aghalabu zilionyesha kuwa sauti yapanda au yashuka, si kwa kiasi gani. Aliyepita chuoni atanifahamu nikisema zilikuwa kama herufi za Kiarabu zisizo na irabu: aujuaye utenzi ataughani bila ya taabu, na mgeni atakwama ubeti wa kwanza.

Guido akachora mistari, mmoja mwekundu na mwingine wa manjano, kila mstari makao ya sauti yake, na nafasi za katikati vivyo hivyo. Kisha akachukua wimbo wa kumsifu Yohana Mbatizaji, ambaye sisi Waislamu twamwita Nabii Yahya. Vipande sita vya ubeti wake wa kwanza, kila kimoja huanza daraja moja juu ya kilichotangulia. Akazitwaa silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. (Ut iligeuzwa do katika karne ya 17, nayo ya saba iliongezwa baada yake.) Mtoto aliyeushika wimbo huo alikuwa na ngazi nzima kinywani.

Wenziwe wakaingiwa na husuda, akahama. Mimi siwalaumu sana. Aliyetoa miaka 10 ya umri wake kuhifadhi atafurahije kumwona kijana akimfikia kwa mwaka mmoja au miwili?

Huko Arezzo, Askofu Theodald alimpokea na kumkabidhi waimbaji wa kanisa kuu, na huko ndiko alikoandika kitabu chake, Micrologus. Sifa zikafika Roma. Kiasi cha mwaka 1028, Papa Yohane wa 19 akamwita. Papa alikifunua kitabu cha nyimbo cha Guido, na hakuinuka mpaka ameimba mwenyewe kipande ambacho hakupata kukisikia. Alitaka Guido akae, lakini joto na unyevu wa Roma vilimwuguza, akaaga.

Siku zizo hizo alionana na mkuu wa Pomposa. Mzee yule alipokitazama kitabu aliamini, akajutia kuwafuata wenye husuda, akamsihi arejee.