Srinivasa Ramanujan: Imani na Uthibitisho

Srinivasa Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 mjini Erode, kusini mwa India, akakulia Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo; mama yake aliimba nyimbo za ibada hekaluni. Mungu wa kike wa ukoo wao alikuwa Namagiri wa Namakkal.

Kwa kuipenda mno hisabati, kijana huyu aliyapuuza masomo mengine, akapoteza ufadhili wa chuo. Alijaza madaftari kwa kanuni nyingi, mara nyingi bila kuonyesha njia aliyoifikia. Mwaka 1912 alipata ukarani katika bandari ya Madras kwa rupia 30 kwa mwezi. Januari 1913 alimwandikia barua G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, na mwaka uliofuata akavuka bahari, ingawa mila ya Mabrahmani wenzake ilikataza.

Ramanujan aliamini kwamba Namagiri humfunulia kanuni ndotoni. Hardy hakuamini Mungu. Hakumtaka mgeni wake aiache dini yake. Alimtaka alete uthibitisho. Dai hilo lilikuwa la haki, kwani miongoni mwa madai ya Ramanujan, lile la kuhesabu namba tasa lilikuwa na kosa. Naye akakubali kujifunza, huku akiendelea kujipikia chakula kisicho na nyama katika Uingereza ya wakati wa vita.

Mwaka 1918 wawili hao walichapisha kanuni ya kuhesabu njia za kuandika namba kama jumla. Namba 4 ina njia 5: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1 na 1+1+1+1. Namba 200 ina njia 3,972,999,029,388. MacMahon aliihesabu kwa mkono, na kanuni ikaafikiana naye.

Mwaka huohuo Ramanujan alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Maradhi yalimrudisha nyumbani mwaka 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na umri wa miaka 32, akiandika hisabati hata kitandani.

Sisi wafanyabiashara, siku ya Diwali, huviweka vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na kuviombea baraka. Baadaye hujumlisha tarakimu moja baada ya nyingine. Sala haikutuondolea wajibu wa kujumlisha, wala kujumlisha hakukuivunjia sala heshima. Ramanujan aliishi hivyo, na wajukuu zetu waendao maabara asubuhi na hekaluni jioni wasione haya kumfuata.