Mahatma Gandhi na Mazoezi ya Utulivu

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Porbandar, Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869. Wengi wetu humdhania kuwa hakujua woga. Sivyo. Utotoni aliogopa wezi, mizimu, nyoka na giza, hata kulala pasipo taa kulimshinda. Yaya wao, Rambha, akamfundisha kulitaja jina la Rama kila hofu ilipomjia. Mtoto hakudumu nalo, lakini ukubwani lilimrudia, likawa kinga yake.

Mwaka 1893, akiwa wakili kijana, alipita Lamu, Mombasa na Unguja akielekea Afrika Kusini. Huko alishushwa kwa nguvu kwenye treni kwa sababu ya rangi yake. Alikesha kwa baridi katika stesheni ya Pietermaritzburg akiipima hasira yake, akaamua asikimbie.

Baadaye aliizoeza nafsi yake kila siku: sala alfajiri na jioni, kusokota pamba, na Jumatatu kunyamaza kabisa, akijibu watu kwa maandishi. Sisi wafanyabiashara wa Masasi na Newala, msimu wa korosho, Jumatatu moja tu ya kimya ingetushinda! Majirani zetu wenye tasbihi na rozari wataitambua njia hii bila kuelezwa.

Aliuawa kwa risasi mjini Delhi, tarehe 30 Januari 1948, akielekea kwenye sala ya jioni.