Marshall Ward, aliyeufuata uzi wa kutu ya kahawa

Wakulima wa kahawa wa Kyondo na Kyarumba, kwenye miteremko ya Rwenzori inayoonekana kutoka Kabatoro, wanaijua kutu ya majani. Ukigeuza jani unakuta unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, na baada ya muda jani linapukutika. Namna kuvu huyo anavyoingia ndani ya jani ilielezwa na kijana Mwingereza, Harry Marshall Ward.

Ward alizaliwa Hereford mwaka 1854, akasoma Cambridge. Mapema mwaka 1880, kabla hajatimiza miaka 26, alitumwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kwa kazi ya miaka miwili. Kutu ilikuwa imeonekana huko mwaka 1869, na mashamba yalikuwa yanakufa. Wengine walilaumu udongo uliochoka, wengine mvua.

Ward alianza na tone la maji juu ya kioo. Aliweka humo chembe za ule unga wa chungwa, akatazama kwa hadubini. Chembe ilichipua uzi mwembamba, uzi ukarefuka kwa ncha yake, kisha ukatoa matawi. Lakini juu ya kioo uzi haukufika mbali: ulimaliza akiba yake ukafa. Kuvu wa kutu hula jani lililo hai tu. Alipozipanda chembe hizo chini ya jani la kahawa, uzi uliingia kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia, ukatawanyika katikati ya seli na kuchomeka humo vijirija vya kufyonza chakula. Wiki mbili tatu baadaye unga wa chungwa ulitokeza tena, maelfu kwa maelfu ya chembe katika doa moja.

Zinasafirije? Alitundika vioo vilivyopakwa gliserini mashambani, na upepo ukamletea jibu. Kahawa ya Ceylon ilipandwa kilima baada ya kilima bila msitu katikati, kwa hiyo hapakuwa na cha kuuzuia. Ward alishauri mikanda ya miti ya kukinga upepo. Alionyesha pia kwamba dawa inafaa ikiwa juu ya jani kabla uzi haujaingia. Ukishaingia, dawa haiufikii. (Kati ya Bwera na mashamba ya upande wa Congo kuna mpaka na forodha, ila upepo haulipi ushuru.)

Wenye mashamba walitaka tiba, wakapewa maelezo, na wengi hawakufurahi. Kwa haki, ushauri ule ulikuwa sahihi ila ulichelewa: Ward aliondoka mwaka 1882, na muda si mrefu chai ikachukua nafasi ya kahawa kisiwani. Dawa za shaba, zilizoanza kusifika Ufaransa miaka michache baadaye na ambazo wakulima wa Afrika Mashariki hunyunyizia kahawa hadi leo, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Kuanzia 1885 alifundisha maofisa wa misitu katika chuo cha Cooper's Hill. Hakuziacha nyuzi. Mwaka 1888 alieleza kuvu wa mayungiyungi ambaye ncha ya uzi wake hutoa umajimaji unaoyeyusha kuta za seli. Mwaka 1892 alichambua kimea cha bia ya tangawizi, akakuta ni hamira na bakteria wanaoishi kwa kushirikiana. Kisha alikaa kwenye hadubini saa baada ya saa akipima bakteria wenye umbo la uzi, aone wanarefuka kwa kasi gani joto na mwanga vinapobadilika.

Mwaka 1895 akawa profesa wa botania Cambridge. Huko alirudia kutu, safari hii ya majani ya nyasi, akichunguza kwa nini kutu inayoshika aina moja hushindwa kwenye aina jirani yake. Kazi hiyo ilikuwa bado mkononi alipofariki Torquay tarehe 26 Agosti 1906, akiwa na miaka 52.