Ramazzini, tabibu aliyeuliza mgonjwa hufanya kazi gani

MAMA wa Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, afikapo zahanati akikohoa, hana budi kuulizwa iwapo hupikia kuni. Swali la aina hiyo lilipata mtetezi nchini Italia zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Bernardino Ramazzini alizaliwa Carpi mwaka 1633, akasomea utabibu Parma. Alipokuwa akiishi Modena, vibarua walifika nyumbani kwake kuzoa shimo la choo. Alimwona mmoja akifanya kazi kwa pupa, akamdadisi. Kibarua huyo alimweleza kuwa anayekawia shimoni hupofuka.

Tangu hapo Ramazzini alizuru karakana, akawachunguza wachonga mawe, waoka mikate na wengineo waliovuta vumbi na mivuke. Mwaka 1700 alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, akiwahimiza matabibu kumwuliza kila mgonjwa hufanya kazi gani. Alifariki Padua mwaka 1714, nuru ya macho yake mwenyewe ikiwa imefifia.

Funzo lake halijachakaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya nimonia, kiharusi na saratani ya mapafu. Kwa anayeinamia mafiga kutwa, jikoni ndiko kazini. Akipewa dawa ya kifua pasipo kuulizwa habari za moshi, atarejea nyumbani kuuvuta ule ule uliomleta zahanati.