Mtoto wa Kiwandani

Jina la Daktari David Livingstone tumelisikia tangu shuleni. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora, akiwangoja wapagazi kutoka pwani, na njia ile ya misafara ilikatiza Mgunda Mkali, huku kwetu Manyoni. Habari za safari zake ni nyingi. Mwezi huu tunapenda kusimulia habari za nyumbani kwao.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, penye kiwanda cha nyuzi za pamba kando ya mto Clyde. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja, futi 14 kwa 10, katika jengo la kiwanda lililokaliwa na jamaa 24. Humo walipika, walilala na kusali baba Neil, mama Agnes na watoto wao. Walizaliwa saba, wawili wakafa wangali wachanga. Baba alichuuza majani ya chai, na faida yake ilikuwa ndogo. Kwa hiyo David alipotimiza miaka 10 aliingia kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Kisha alikwenda shule ya usiku, na akirudi alisoma mpaka mama alipomnyang'anya kitabu.

Watu husifu kitabu alichokiweka juu ya mashine. Sisi tunapenda zaidi kwamba fedha yake ya kwanza aliitupa mapajani mwa mama yake. Tena alikuwa tayari kumsugulia sakafu, mradi mlango ufungwe, wenzake wasimwone!

Baba alikuwa mkali. Giza likiingia mlango ulifungwa. Siku moja David alichelewa. Hakulia wala kupiga kelele, akatafuta kipande cha mkate akaketi mlangoni alale hapo, hata mama alipochungulia akamwona. Lakini baba huyohuyo alitembea naye katika theluji mpaka Glasgow mwaka 1836 kumtafutia chumba, aanze masomo ya uganga. Karo ilitoka katika mshahara wa kiwandani. Na hili tusilipite kimya: pamba nyingi ya viwanda vya Uingereza siku zile ililimwa na watumwa huko Marekani.

Novemba 1840 aliagana na nyumbani. Alfajiri saa 11 mama alitengeneza kahawa, David akasoma Zaburi ya 121 na ya 135, baba akamsindikiza kwa miguu mpaka Glasgow. Hawakuonana tena. Neil alifariki Februari 1856, na mwanawe alirudi Desemba.

Watoto wa Livingstone mwenyewe hawakupata hata chumba kimoja kama kile. Mwaka 1852 aliwapandisha melini huko Cape Town wanne pamoja na mama yao Mary, wakahangaika Uingereza zaidi ya miaka minne bila makao ya kudumu. Hatuoni sababu ya kulificha.

Bibi Agnes alikuwa ametamani azikwe na mmoja wa wanawe. Alifariki Juni 1865, David akiwa Uingereza, naye akawahi maziko.